Bahasha ya Bibi Mfamasia

Katika mji wa Szentmárta husemwa hadi leo kwamba Bibi Mfamasia, mjane wa Ödön Halmos, aliandika barua isiyo na jina kwenda Budapest, na kwamba barua hiyo ndiyo iliyomng'oa mwalimu wa muziki, Hermina Bokor, katika shule ya mji. Husemwa kwenye foleni ya mkate, husemwa kanisani kabla padri hajaingia, na wa kwanza kusema siku zote ni Rozália wa posta, ambaye huapa kwamba aliigonga muhuri bahasha hiyo kwa mkono wake mwenyewe. "Lisemwalo lipo," hupenda kumalizia, "na kama halipo laja."

Bahasha ilikuwepo. Hilo halikanushwi. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, ilikwenda Budapest, na aliyeiandika anwani ni Bibi Mfamasia. Lakini ndani yake hamkuwa na neno baya juu ya mtu yeyote. Mwalimu Hermina aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, kwenda kumuuguza kaka yake huko Pécs, na katika ukoo wa Halmos hajazaliwa wala hajaolewa mtu wa kuandika barua asiyoitia sahihi. Kilichokuwamo kwenye bahasha ile kitaelezwa hapa mara moja tu, ili wanaotaka kusema waseme wanachokijua.

Nyumba ya Halmos ilikuwa juu ya duka la dawa, kwenye kona ya uwanja wa kanisa. Babu alilifungua, mwanawe akalirithi, serikali ikalichukua, na Ödön akabaki humo kama mwajiriwa, akipima poda kwenye mizani ileile ya shaba aliyoitumia babu yake. Alipokufa kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka arobaini na mmoja, mkewe Etelka, aliyesomea kazi hiyohiyo chuoni Szeged, alivaa koti jeupe siku ya tatu baada ya mazishi akasimama nyuma ya kaunta. Tangu hapo hakuna aliyemwita Etelka. Kwa desturi ya nchi ile mke hubeba jina zima la mumewe, na mjane huendelea kulibeba. Kibao cha mlangoni kilisema Mke wa Ödön Halmos, na waliomheshimu walimwita Bibi Mfamasia. Wasiomheshimu pia.

Alibaki na binti mmoja, Noémi, mwenye miaka tisa, na ilikuwa wazi kama jua kwamba Noémi naye angevaa koti jeupe.

Ndani ya nyumba ile palikuwa na adabu ambayo nyumba nyingi za mji zilikuwa zimekwisha kuiacha. Mtoto hakumwambia mzazi "wewe". Alisema, "Mama atakunywa chai?" au "Mama amelala vizuri?" kana kwamba mama ni mtu mwingine aliyekaa chumba cha pili. Ödön alimsemesha mama yake hivyo mpaka siku alipomfumba macho, na Noémi alimsemesha Etelka hivyohivyo. Hata watu wazima wasiojuana sana walisemeshana kwa namna hiyo. "Wewe" ilikuwa kitu cha kupewa. Mkubwa humpa mdogo, wakashikana mikono, wakabusiana mashavu, wakanywa kidogo, na ikishatolewa hairudi.

Hermina Bokor aliletwa shuleni Noémi alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa mwanamke mwembamba, hana mume wala mtoto, anavaa viatu vya kiume, na kwenye kishungi cha nywele huchomeka ule uma mdogo wa chuma ambao waimbaji huugonga ili kupata sauti ya kuanzia, kama seremala anavyochomeka penseli. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuifunga piano ya shule kwa ufunguo.

"Hakuna atakayeigusa mpaka ajue kuimba bila yenyewe," aliwaambia watoto.

Mwaka mzima walisoma muziki kwa mkono. Ngumi mbele ya tumbo ilikuwa nota ya do. Kiganja kilicholala mbele ya kifua kilikuwa mi. Kidole kinachonyooka kwenda juu kilikuwa ti, kinachokosa subira ya kufika do ya juu. Hermina aliinua mkono bila kusema neno, na watoto arobaini wakaimba kilichoandikwa hewani.

Noémi alirudi nyumbani na mkono huo. Akingoja supu ipoe, mkono ulipanda na kushuka kando ya sahani.

"Mkono una nini?" mama aliuliza.

"Hauna kitu, Mama. Ni sauti ya pili ya wimbo wa Jumapili."

"Mezani petu hapana sauti ya pili. Hata ya kwanza haipo."

Noémi alicheka, akauweka mkono mapajani. Lakini kichwani mwake mwalimu hakutoka. Ikawa Shangazi Hermina amesema hivi, Shangazi Hermina amesema vile, maana watoto wa kule humwita mwalimu wa kike shangazi. Shangazi Hermina amesema mtu asivute mabega anaposoma. Shangazi Hermina amesema dirisha lilale wazi hata theluji ikianguka. Kwa miaka minne mjane alikuwa amemfundisha binti yake kupima, kusaga, kuandika lebo kwa mwandiko ulionyooka, na hakukumbuka hata siku moja kusikia "Mama amesema" ikipelekwa kwenye nyumba ya mtu.

Kwaya ilifanya mazoezi saa kumi na moja jioni, ng'ambo ya uwanja. Saa hiyo Bibi Mfamasia alifungua dirisha la duka ili asikie kama sauti ya mwanawe imo. Akishaisikia, alilifunga.

Noémi alipofika miaka kumi na sita, Hermina alimweka mbele ya kwaya ya watoto wadogo awaongoze. Watu walikuja kaunta kumpongeza mama. "Ni Hermina mtupu!" walisema. "Hata anavyokunja kiwiko! Mtu angesema kamzaa!" Bibi Mfamasia alishukuru kwa adabu, kisha akapima poda ileile mara mbili.

Yote hayo aliyavumilia. Asilolivumilia lilikuja Jumamosi moja ya Januari, mwaka wa mwisho wa Noémi shuleni. Msichana alikuwa anasaidia dukani, anabandika lebo. Kwenye foleni alikuwapo Rozália wa posta, akingoja matone ya moyo ya mumewe. Mlango ukalia kengele, akaingia Hermina, amekaukiwa na sauti, anazungumza kwa mnong'ono.

Noémi aliinua kichwa. "Si nilikwambia uvae skafu? Wewe husikii, Hermina! Kaa hapo, nikuchemshie maua ya chamomile."

Vichwa vyote kwenye foleni vikamgeukia mama. Bibi Mfamasia alikuwa ameshika kalamu. Aliandika lebo ya Rozália hadi mwisho, akaibandika, akampa chupa yake, akasema, "Anayefuata."

Nusu saa baadaye Rozália alirudi, amejaa furaha kama mtu aliyeokota pochi. "Bibi Mfamasia anisamehe," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Nimetoka hapa nikiwa na mume. Lebo inasema mume wangu anaitwa Noémi."

Vizazi vitatu vya Halmos, na hiyo ndiyo lebo pekee iliyowahi kurudi.

Ghorofani, baada ya kufunga duka, mama hakuketi.

"Tangu lini?"

"Tangu sikukuu ya mtakatifu wa jina lake, Mama. Alituita sisi wa mwaka wa mwisho, akatumiminia mvinyo kidogo kila mmoja. Alisema watu walioimba sauti nne pamoja hawawezi kusemeshana kama wako dirishani posta."

"Aliwapa wote?"

"Wote. Wenzangu wanaona haya, bado wanamwita Shangazi." Noémi aliangalia mikono yake. "Ni mimi tu niliyeweza."

Mjane angeweza kulimaliza palepale. "Wewe" ilikuwa mali yake pia, ilihitaji bilauri mbili na mkono ulionyooshwa. Lakini kuitoa baada ya mwingine kuitoa kulikuwa kuokota makombo, na yeye hakulelewa hivyo.

Noémi alikwenda kwenye mkoba wake, akarudi na karatasi, akailaza juu ya kitambaa cha meza. Ilikuwa fomu ya maombi ya chuo. Jina lilikuwa limejazwa, tarehe ya kuzaliwa imejazwa. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu: chuo anachokiomba. Hapakuwa na nafasi ya vyuo viwili.

"Inatakiwa iondoke Jumatatu," alisema. "Mama ajaze. Nikijaza mimi, Mama atasema aliyejaza ni Hermina. Atakachoandika Mama nitakifuata, na sitanung'unika."

"Na ulichokitaka wewe?"

"Mama anakijua."

Siku ya pili, baada ya misa, Bibi Mfamasia alivuka uwanja akapanda hadi chumba cha kwaya. Hermina alikuwa peke yake, anakoleza jiko la makaa, skafu shingoni.

"Bibi Mfamasia! Aketi, aketi."

"Nitasimama. Nani alimpa Mwalimu ruhusa ya kumpa mwanangu 'wewe'?"

"Ruhusa?" Sauti ya Hermina ilikwaruza. "Ana miaka kumi na minane. Angekuja mchumba, Bibi angemdai ruhusa?"

"Mchumba angepitia mlango wa mbele."

Hermina alicheka mpaka akakohoa. Akafungua kabati la nota, akatoa chupa ya pombe kali ya plamu na bilauri mbili ndogo. "Basi tuyamalize kama watu wazima. Mimi na Bibi tumezaliwa mwaka mmoja, na tunalea mtoto mmoja. Na sisi tuambiane wewe." Akanyoosha mkono. "Mimi Hermina."

Kuukataa mkono huo, katika mji ule, ni kama kumpiga mtu kofi. Mjane aliutazama. Ni mkono ulioonekana kando ya sahani ya supu kwa miaka mitano.

"Mimi ni mke wa Ödön Halmos," alisema.

Hermina alizirudisha bilauri kabatini taratibu, moja moja. "Haya. Basi Bibi asikie mpango wangu, asije akausikia posta. Mimi simpeleki mbali. Szeged kuna chuo cha walimu wa muziki, saa moja kwa treni. Kila Jumamosi atarudi. Yeye atashika wadogo, mimi wakubwa. Nikizeeka namwachia kwaya yote."

"Na Budapest? Nimesikia chuo kikubwa kabisa kiko Budapest."

"Budapest itammeza. Wakienda kule hawarudi."

"Sikuuliza kama watarudi. Nimeuliza kama anaweza kuingia."

Makaa yalipasuka jikoni. Hermina aliyachokoa kwa chuma.

"Anaweza," alisema. "Katika miaka ishirini ya kazi hii sijapata mwingine anayeweza."

Bibi Mfamasia aliijua sauti hiyo. Ilikuwa yake mwenyewe. Yeye naye alikuwa amekwisha kuzipanga treni za Jumamosi kichwani, Szeged hadi Szentmárta, na koti jeupe jipya limetundikwa mlangoni. Na alielewa, aliposhuka ngazi, kwamba akimwandika mtoto kwenye chuo cha famasia cha Szeged, mtoto angerudi kila Jumamosi, angekula supu yake, kisha saa kumi na moja angevuka uwanja.

Kuna wachache wenye moyo mwema wanaosema kwamba mjane alisamehe. Hilo nalo si kweli. Alikaa mezani, akaandika Budapest, chuo cha muziki, kwa wino mweusi na mwandiko wa lebo, ili Hermina Bokor naye ajue meza ya sahani moja inavyokuwa.

Noémi aliusoma mstari huo mara mbili.

"Mama amekosea?"

"Nimekosea lebo moja maishani, na ilikuwa jana. Lete bahasha."

Hiyo ndiyo bahasha. Jumatatu asubuhi aliipeleka posta mwenyewe, na Rozália akaigonga muhuri, na macho yake yalipoona neno Budapest yakatoka kama ya chura.

Noémi alipokewa chuoni mwezi wa Julai. Wiki hiyohiyo Hermina aliingia dukani, akaomba vidonge vya koo ingawa koo lilikuwa limepona zamani.

"Bibi ameshinda," alisema.

"Hapakuwa na mashindano, Mwalimu."

"Palikuwa. Na mimi najua nilitaka nini." Alifunga mkoba wake kwa taabu. "Lakini Bibi amempa nilichoogopa kumpa. Nitalisema hilo popote nitakapoulizwa." Mwezi wa Agosti kaka yake akapooza upande mmoja, naye akaenda Pécs, wala hakurudi. Hakuna aliyemuuliza.

Watu walidhani Noémi angesimama kwenye majukwaa makubwa. Alipomaliza chuo, alichagua shule ya watoto pembezoni mwa Budapest. Aliandika nyumbani kwamba siku ya kwanza ameifunga piano kwa ufunguo. Mama alisoma mstari huo, akaikunja barua, akaikunjua tena. Alikuwa amemwondoa Hermina ng'ambo ya uwanja, na sasa kila Krismasi Hermina aliingia kwa mlango wa mbele, kwa sura ya Noémi. Viatu vya kiume vilivuliwa barazani. Uma wa chuma, ambao mwalimu alimwachia mwanafunzi wake, uling'aa kwenye kishungi cha nywele za Noémi alipoinama kukunja mikate ya mbegu za popi.

Baada ya Krismasi iliyopita Rozália alikuja kuchukua matone ya mumewe. Alisoma lebo kwanza, kama anavyofanya siku zote tangu ile Jumamosi, kisha akaegemea kaunta.

"Noémi alikuja?"

"Alikuja."

"Nilipita chini ya dirisha la jikoni. Nilisikia kicheko, na bilauri zinagongana." Akashusha sauti, na foleni nzima nyuma yake ikasogea hatua moja mbele. "Bibi Mfamasia aniambie ukweli, nisije nikadanganya watu. Siku hizi anamwambia Bibi 'wewe'?"

"Matone kumi na tano, mara mbili kwa siku, baada ya kula," alisema Bibi Mfamasia. "Hilo jingine sisemi. Anayefuata."