Tata Mbili za Abdulhakim

Abdulhakim, muuza misumari na rangi wa Darajani, alikuwa na wake wawili na hofu moja. Tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba mume asiyefanya uadilifu baina ya wakeze atafufuliwa ubavu mmoja umeinama. Kwa hiyo akinunua doti ya khanga ya mke wa Malindi, hununua na ya mke wa Uroa, rangi ile ile, jina lile lile. Hata samaki aliwapimia kwa mizani.

Zamu ya gari ilipofika, alinunua mbili za kiwanda kimoja cha Uhindi, zote Tata, zote nyeupe. Bi Sheikha wa Malindi alipata kigari: usukani mwepesi, kiyoyozi, na hugeuka pahala ambapo mkokoteni huhangaika. Mwanapili wa Uroa, mkulima wa mwani, alipata pikapu: ndefu, ya dizeli, inanguruma, inapanda mawe ya njia ya pwani na magunia ishirini mgongoni. "Nembo moja," alijisifu dukani. Mtu mzima na ndevu zake aliamini nembo ndiyo uadilifu.

Wiki haikupita.

"Mwenzangu umempa gari, mie umenipa kiatu," alisema Bi Sheikha.

Mwanapili hakupandisha sauti. "Yeye anakaa kwenye baridi, mie nnanuka dizeli. Haya."

Hiyo "haya" ilimuuma Abdulhakim kuliko tusi. Akawabadilishia. Siku ya kwanza tu pikapu ilikwama kwenye mdomo wa kichochoro cha Malindi, wachukuzi wa bandarini wakairudisha nyuma huku wanacheka. Kule Uroa, kigari kilipokea magunia matatu, moja likakalishwa kiti cha mbele na kumwaga maji ya chumvi. Jioni kila gari ilirudi kwa mwenyewe, na manung'uniko yakarudi nayo.

Siku ya harusi ya mpwa wa mume wao, Yusra, wake wale walikalishwa mkeka mmoja. Abdulhakim alisubiri nje. Walitoka pamoja, jambo ambalo hakupata kuliona kwa miaka kumi na moja, kila mmoja ameshika kadi ya gari yake.

"Tumezilinganisha," alisema Bi Sheikha. "Gari mbali mbali kabisa. Lakini kadi zote zina jina lako."

"Kwa hilo umetufanyia sawa, Baba Ulfat," Mwanapili akaongeza. "Sote hatuna kitu."

Abdulhakim aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Jumatatu alikwenda kuandikisha kila gari kwa jina la mwenyewe.

Jumatano ilikuwa zamu ya Uroa. Alimpigia simu Mwanapili aje amchukue.

"Nnashusha mwani," alijibiwa.

Akampigia Bi Sheikha.

"Nikupeleke kwa mke mwenzangu? Tena kwa gari yangu?" Bi Sheikha alicheka kwa raha zake, akakata simu.

Abdulhakim alifunga duka, akenda kusimama kituoni na abiria wengine.