Moyo wa Baba Mkwe Wasikika Hadi Tabora Mjini

Kwanza unasikika moyo. Mdundo unajaza chumba ambacho hadi mwaka juzi kilikuwa stoo ya vitanda vibovu katika kituo kimoja cha afya Ulyankulu. Ni saa tatu asubuhi. Mwanamke aliyelala kitandani anashika mdomo.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Tulia daktari akusikilize," anajibu muuguzi Spesioza Nijimbere, akisogeza kifaa cha duara kifuani mwa mgonjwa.

Daktari mwenyewe yuko Tabora mjini, safari ya nusu siku mvua zikishaharibu barabara. Uso wake uko kwenye skrini ukutani. Anasema, "Panda kidogo, kushoto," na mkono wa Spesioza unapanda. Enzi za misafara, habari ya mgonjwa ilibebwa kwa miguu porini hadi mjini. Leo mdundo wa moyo wake unafika kabla hajamaliza kukohoa. Wenye kuzoea wamezoea. Mwandishi wa habari hizi bado yuko kinywa wazi.

Kwa miaka mingi kazi ya Spesioza, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ilikuwa kupima joto na presha, kuchoma sindano zilizoandikwa na wengine, na kuwasindikiza waliozidiwa kwenye gari la wagonjwa. "Wengine tuliwafunika njiani," anasema. Tangu mtambo huu wa skrini na spika usimikwe, yeye ndiye anayebonyeza tumbo, anayepima kifua, anayemweleza bingwa vidole vyake vinahisi nini.

"Daktari ana macho na masikio, lakini mikono hana," anasema akicheka. "Mikono ni yangu."

Mikono hiyo nusura imponze.

Msimu uliopita wa kuvuna tumbaku, baba mkwe wake aliletwa kwa pikipiki, kifua kimembana, midomo imepauka. Jina lake ni Dismasi. Analitaja mwandishi, si Spesioza. Katika familia hii yenye asili ya Burundi, mkamwana hataji jina la baba mkwe wake, wala hamgusi. Maji ya kunawa humwekea karibu, akaondoka. Tangu aolewe, Spesioza alimwita Databukwe, yaani baba mkwe, basi.

Zamani mzee angepokewa na mganga wa kituo, na Spesioza angejitenga nyuma ya pazia. Siku hiyo mganga wa zamu alikuwa chumba cha uzazi na mama aliyekuwa akivuja damu. Iliyobaki ni skrini, na kwenye skrini Daktari Apolinaria, bingwa wa moyo.

"Mfungue shati, muuguzi. Nataka kusikia kifua."

Mzee aligeukia ukuta, akakishika kifungo cha shati kwa mikono miwili. Mkewe, Marcelina, alikuwa amesimama mlangoni. "Spesi, usifanye hivyo mwanangu," alisema. "Akipona, mtatazamanaje?"

Spesioza anasimulia. "Nikimgusa, nimevunja nyumba. Nisipomgusa, nimemzika. Nikamwambia, Databukwe, unisamehe. Nikaitoa mikono yake kwenye kifungo."

Moyo ukasikika. Mdundo mmoja. Kimya kirefu, kirefu mno. Kisha mwingine. Marcelina, aliyezeeka na mwanamume huyo, hakuwahi kuusikia moyo wake ukisema mbele ya watu namna ile. Alipiga magoti palepale mlangoni.

"Unakwenda polepole mno," alisema daktari, akataja sindano na kipimo chake. Spesioza akaichoma. Lakini mzee alizidi kulegea, macho yakafumba.

"Usimwache aende! Mwite, kwa sauti!"

"Databukwe! Databukwe!"

Macho hayakufumbuka.

"Jina lake, muuguzi! Mwite kwa jina lake!"

Spesioza alivuta pumzi. "Dismasi!" Ukelele ulifika hadi kwa kina mama waliokuwa kwenye foleni ya kliniki nje. "Dismasi! Amka, Dismasi!"

Mzee akafumbua macho, akamkazia. "Nani huyo ananiita hivyo?" aliuliza kwa Kirundi, amekasirika kweli. Midundo kwenye spika ilikuwa imeanza kufuatana, na daktari, asiyejua Kirundi, hakuelewa kwa nini muuguzi wake analia na kucheka kwa pamoja.

Daktari anasema ni dawa. Waliokuwa kwenye foleni wanasema ni jina, na hakuna wa kuwabishia.

Mzee alisafirishwa hadi hospitali mjini, akarudi akitembea. Nyumbani maneno yalikuwa yamemtangulia: mkamwana kamvua mkwewe shati, kamwita kama mtoto mwenzake. Spesioza akawa anamtuma mtu kumpelekea chakula. Mzee naye hakusema lolote, wiki baada ya wiki. "Nilishaanza kuwaza kurudi kwetu," anakiri.

Badala ya kurudi kwao, alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila Jumapili baada ya misa huzipitia nyumba zenye wazee kuomba radhi mapema. "Nawaambia, siku ukiletwa, mikono itakuwa yangu, au ya mkamwana wako. Tukubaliane leo ukiwa mzima." Wauguzi wengine wawili wanajifunza mtambo, na ndoto yake ni kwamba watakapokuwa tayari, kusiwe na nyumba Ulyankulu ambayo haijatoa ruhusa.

Si wote wanaokubali. Jumapili iliyopita Mzee Anton, ambaye mkamwana wake ni mmoja wa hao wawili, alikataa katakata. "Afadhali nife na heshima yangu," alisema, na Spesioza akainuka kuaga.

Nyuma yake fimbo iligonga kizingiti. Dismasi alikuwa amemfuata bila kualikwa. Hakumsalimu mtu. Alifungua shati lake mbele ya watu wote waliokuwemo, akaweka kidole upande wa kushoto wa kifua.

"Aligusa hapa," alisema. "Heshima yangu haijapungua, Anton. Na niko hai."