Saba Wawili wa Larrimore

Bi Earlene Stubblefield hakuwahi kuzaa, lakini ana watoto mia moja na kumi anaowafulia soksi. Wote wakubwa kuliko mlango, wote wananuka kama mbwa aliyelowana, na wote wanamwitikia "naam, Bi." Kazi hii ya kuifulia timu ya mpira ya chuo aliipata kiwanda cha mashati kilipofungwa hapa Mississippi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Makocha wanne wamekuja na kufukuzwa yeye yupo, maana kocha hufukuzwa kwa kufungwa na soksi hazifungwi.

Aprili hii alikuja wa tano, Kocha Brubaker, na majira ya machipuko yakaja naye na fujo zake. Wachezaji kumi na tisa wakahama Chuo cha Larrimore, ishirini na watatu wakaingia kutoka vyuo vingine, makabati yakapangwa upya, na magazeti yakaandika kila alipopiga chafya. Asubuhi ya Alhamisi gazeti la mjini liliandika kwamba amesema hakuna mwenye namba ya kudumu, kila nafasi iko wazi. Mjini walishangilia. Bi Earlene alisoma, akaikunja karatasi, akafunika nayo sabuni.

Kila asubuhi daktari wa timu, Lonnie Tisdale, humletea kikaratasi cha wale wasioruhusiwa kugongwa. Hao huvaa shati la manjano. Mwenye manjano anakimbia, anadaka, anatukana, lakini haguswi. Siku hiyo kikaratasi kilisema: *7*. Basi. Bi Earlene alimjua saba wake: Tavaris Mabry, mlinzi wa kati, aliyetikiswa ubongo Novemba akaamka anauliza mvua imeanza lini, na jua linawaka. Akalichukua shati la manjano, miwani yake ikiwa na ukungu wa mvuke, akalitundika kwenye kabati la pembeni mwa nguzo ya pili, pale alipomtundikia kwa miaka mitatu. Mikono ilikwenda yenyewe.

Saa moja baadaye mdakaji mpya kutoka Ohio, Colt Wiedemann, aliingia chumba cha kufulia kamba ya kiatu imekatika.

"Bi Earlene, nani kakwambia mimi yai?" alisema akicheka. "Leo hata nzi ananikwepa."

Alikuwa na shati la manjano. Mgongoni saba.

"Kwa nini umevaa hilo?"

"Nimelikuta kabatini kwangu, Bi. Pale kwenye nguzo."

Kwenye mpira huu wetu wa Kimarekani, wawili wanaweza kuvaa namba ileile, mradi mmoja ashambulie na mwingine alinde. Bi Earlene alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Alilisahau asubuhi moja tu.

"Mabry yuko wapi?"

"Duarani. Kocha anataka kuona nani ana moyo."

Duara ni hivi: timu nzima inazunguka, wawili wanaingia kati, wanainama, kipenga kinalia, wanagongana vichwa kama kondoo dume. Bi Earlene alimkumbuka kaka yake Dub, aliyechezea chuo hikihiki na kugongana kwenye duara lilelile. Alipofika miaka hamsini na moja Dub alimwuliza, kwa adabu kabisa, "Samahani, mama, wewe ni nani kwangu?"

Akatoka mbio. Mbio za mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye goti bovu ni kitu cha kusikitisha, lakini zilikuwa mbio.

Getini alikuwa mzee Hoyt, mlinzi, na kiti chake cha kukunja.

"Mazoezi yamefungwa, Earlene. Kocha kasema hata mkewe asiingie."

"Hoyt, nipishe."

"Atanifukuza."

"Na mimi nitamwambia mkeo unakokula chakula cha mchana siku za Jumatano."

Hoyt alikisogeza kiti. Ng'ambo ya geti palikuwa na mstari mweupe, kisha nyasi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuzikanyaga. Alikuwa akisema nyasi ni za wanaotokwa damu. Akazikanyaga. Kupitia migongo ya yale majitu akaona shati jeupe, saba, limeinama. Mbele yake limeinama jitu la kilo mia na arobaini. Kipenga kilikuwa tayari mdomoni mwa Kocha.

Sauti ikamtoka kabla hajaichagua:

"Tavaris Dontrell Mabry!"

Kipenga kililia papo hapo.

Huku kwetu mtu haitwi majina matatu kwa wema. Mama akikutajia yote matatu, kiboko kiko njiani. Tavaris alisimama wima kama mwizi aliyemulikwa, na hapo Bi Earlene akaona alichokifanya: amemsimamisha kijana kifua wazi, kichwa juu, mbele ya gari lililokwisha kung'oka.

Lakini lile jitu nalo lina mama. Lilisita hatua ya pili, likajikwaa, likaanguka kifudifudi miguuni mwa Tavaris.

"Jamani," lilisema likiwa chini, "nilidhani ni mimi."

Kocha alitoa kipenga mdomoni.

"Huyu nani?"

"Mfua nguo, Kocha. Huyo kijana anatakiwa kuwa manjano. Nimekosea mimi kabati."

"Bi Earlene, umeniua," Tavaris alisema kwa sauti ya chini. "Gazeti umelisoma. Nafasi iko wazi." Kisha akamgeukia Kocha. "Nililiona shati si lenyewe. Nikalivaa tu."

Kocha aliwatazama wote wawili. "Kwa daktari. Na wewe, mama, tutaongea baadaye."

Walifuatana mpaka mlangoni kwa Lonnie.

"Umeingia duarani mara ngapi?" Bi Earlene aliuliza.

"Mbili."

Lonnie alimmulika macho, akamwambia ataje miezi kinyumenyume. Bi Earlene alishika fremu ya mlango.

"Desemba," Tavaris alisema. "Novemba. Oktoba. Septemba..."

Akanyamaza. Akatazama dari. Saa ya ukutani ilikuwa na kelele kuliko mashine zake zote sita.

"Septemba," alirudia.

"Endelea," Lonnie alisema taratibu mno.

"...Agosti. Nimeijua, Dokta. Nilikuwa nawaza mechi ya kwanza." Akaimaliza mpaka Januari.

Lonnie alizima tochi, lakini hakutabasamu. "Leo sawa. Kesho nitamwuliza tena, na keshokutwa."

"Mwaka huu sikusamehe, Bi," Tavaris alisema.

"Nichukie mpaka Krismasi, mwanangu. Krismasi iko mwezi gani?"

"Desemba. Si nimeshaitaja?"

"Itaje tena," alisema Bi Earlene.