Pipa la sumu ya mibuni liliua ng'ombe, mama yangu akaitwa mchawi

Wakuu, heshima kwenu.

Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi. Lugha ikiwa kali mnivumilie, maana nikiyakumbuka hata chakula hakipiti.

Ni Endabash, Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa binti niliyemaliza la saba, nipo nyumbani namsaidia mama na wadogo zangu. Baba, Mwiraqw wa hapo hapo, alishafariki. Mama ni Mnyaturu. Wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye estate, akaolewa hapo.

Kwa wasiojua: kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Unawagawa kwa majirani, ili ugonjwa ukipiga usibaki mikono mitupu. Anayekutunzia anakunywa maziwa. Sisi tulitunza ng'ombe wanne wa Mzee Baran. Wetu hatukuwa nao hata ndama.

Vyombo enzi hizo vilikuwa adimu, hata ndoo ya plastiki ulikuwa unaisikia tu kwa watu.

Sasa kulikuwa na nyapara wa estate, Tluway, aliyeoa binti wa Mzee Baran. Siku moja akamletea mama pipa la bluu, lina mfuniko wake. "Shika shemeji, weka maji ya ng'ombe."

Mama alishukuru hadi akapiga goti. Akalisugua kwa majivu na maji ya moto, harufu ikapungua, akakorogea ng'ombe maji ya magadi humo.

Lebo ilikuwa imebanduliwa. Sisi tungejuaje?

Ng'ombe wa kwanza alianza kutoka udenda. Machozi yanamtiririka, anaharisha, nyama za mapaja zinachezacheza zenyewe. Akaanguka, akarusha miguu, pumzi ikakata. Kesho yake wakafuata wawili.

Watu wakasema ni ormilo, ule ugonjwa wa kizunguzungu ambao Wamasai wa Ngorongoro wanaujua sana. Wengine wakauliza, ormilo gani inachagua zizi moja? Hapo midomo ikafunguka. "Yule Mnyaturu."

Tukatengwa. Wakuu, kutengwa msikie hivyo hivyo. Kisimani unasubiri wote wamalize. Moto huombi kwa jirani. Mdogo wangu alifukuzwa kwenye uwanja wa kuchezea kama mbwa.

Kikaitwa kikao hapo hapo uani kwetu. Tluway alikaa mbele kabisa, mikono kifuani, KIMYA.

Mama anaulizwa, "Umewafanya nini ng'ombe wa watu?" Analia, "Sijui baba zangu, sijui."

Tluway kimya.

Wazee wakaamua: alipe fidia ya mbuzi wake wote na vyombo, kisha arudi kwao Singida. Kwao wapi? Wazazi wake wamezikwa Endabash!

Tluway bado kimya. Anakuna ndevu.

Mzee Baran akainuka kuchagua vyombo. Akalishika lile pipa. "Hili nitanyweshea ng'ombe wangu waliobaki."

Ndipo Tluway akaruka kama kakanyaga moto. "Baba, hilo acha! Hilo lina dawa ya mibuni!"

Mzee Baran akamgeukia. "Ulijua?"

Akainama. Eti mapipa waliambiwa wayatoboe na kuyafukia, yeye akawa anawagawia watu ili apate sifa. Na eti alijua tangu ng'ombe wa kwanza alipokufa, ila aliogopa kufukuzwa kazi.

Aliogopa kazi! Mama yangu anafukuzwa pamoja na watoto wake, yeye anaogopa kazi!

Nilimrukia nikamng'ata mkono. Walinitoa kwa nguvu. Sijutii hadi leo.

Bwana mifugo alikuja baadaye akatueleza kwamba dawa nyingi za wadudu zinashika mishipa ya fahamu. Misuli inakaza, inatetemeka, mwishowe mnyama anashindwa kupumua. Dawa ya josho ukiizidisha ni hivyo hivyo. Ukiwahi mganga wa mifugo kuna sindano inayookoa, lakini sisi tuliwahi kumtafuta mchawi.

Tluway akapigwa faini ya dume, likachinjwa la upatanisho. Watu wakala nyama, wakanawa, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mama "tusamehe". Wakasema shetani alipita tu.

Mzee Baran alituletea ng'ombe wengine. Mama akawakataa, akamwambia, "Baba, wa mtu sishiki tena." Wadogo zangu wakakua kwa ugali na mlenda, na maziwa yako ng'ambo ya uzio.

Funzo: chombo cha sumu ni cha sumu hata ukisugue na nini. Kitoboe, kifukie. Mnyama akitoa udenda na kutetemeka, ondoa maji na chakula alichotumia, kamwite mtaalamu.

Tluway ni mzee sasa, na kuna ndugu wananishauri nimsamehe. Mdomo ule ulifunguka kwa ajili ya ng'ombe wa mkwe wake, kwa mama yangu ulishindwa.

Semeni yenu wakuu. Ila anayetaka kuniambia "yameisha" aniambie kwanza, siku ile angesema nini pale uani.