Petroli ya karabai kando ya mutungi, na mawese tuliyoita dawa

Wakuu, hamujambo huko muliko?

Miye ni mama mutu muzima wa hapa Kalemie. Nawaeleza jambo lililofika nyumbani mwangu wakati nchi hii ingali Zaire. Siongezi chumvi, iliyokuwemo ilitosha.

Kwanza mujue: huku tukisema petroli ni mafuta ya taa. Ya gari ni esansi.

Bwana yangu alikuwa muvuvi wa ndakala, nyie wa Kigoma munasema dagaa. Wanavua usiku kwa taa za karabai. Asubuhi wakifika ufukoni wanagawana ndakala za mboga, na petroli iliyobaki ndani ya karabai wanagawana pia. Ilikuwa ngumu kupata, hakuna aliyeacha fungu lake. Kila mutu anabeba kwa chombo alichonacho: chupa ya bia, kopo la maziwa, hata kikombe.

Siku ile bwana alirudi na kikombe. Akakiweka chini kando ya mutungi wa maji, akalala. Mutu amekesha ziwani, hata miye ningelala.

Feza, mutoto wetu wa kwanza, alikuwa hajafika miaka mitatu. Kikombe kando ya mutungi, mutoto afikiri nini? Alikunywa.

Miye nilikuwa ufukoni naanika ndakala. Mama mukwe wangu alikuwa uani anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Akasikia mutoto anakohoa, akaingia, akamunusa mudomo. Mbio akakimbilia mafuta ya mawese.

Musimucheke. Kwetu mutoto akimeza kitu kibaya anapewa mawese atapike. Hiyo njo dawa tuliyoikuta kwa wazee, na mawese hayakosi nyumbani.

Niliitwa. Nikamukuta Feza ameshatapika, kifua kinapanda na kushuka, mudomo umeanza kubadilika rangi. Mama mukwe ameshika kijiko kingine.

"Mama, acha kwanza. Mutoto hapumui vizuri."

"Mama Feza, shika kichwa chake. Sumu isipotoka utamuzika."

Nikamunyanganya mutoto. Wakuu, kumunyanganya mama mukwe kitu mukononi ni aibu itakayosemwa ukoo muzima. Na sikujua chochote cha udaktari. Niliona tu kwamba akitapika pumzi inapungua, na niliogopa sana.

Bwana aliamushwa na makelele. Akamubeba Feza kwa sababu yeye ana mbio, tukaenda lopitali wote watatu, mama mukwe na kitenge chake cha kazi.

Nesi aliuliza kwanza: "Sitwayeni, mulimutapisha?" Zamani zile kila mutu alikuwa sitwayeni, yaani mwananchi, hakuna madamu.

Mama mukwe akajibu kwa fahari kidogo: "Ndiyo, miye mwenyewe, kwa mawese."

Nesi hakugomba. Alisema: "Petroli ikibaki tumboni, hatari si kubwa sana. Akitapika inaingia mapafuni, na hapo njo inaua. Siku nyingine usimutapishe, usimupe mawese wala maziwa. Mulete tu, haraka."

Feza alilala pale na homa ya kifua, tukakata tamaa, tukapata tamaa tena. Alipona. Leo ana watoto wake.

Bwana na wenzake waliacha kugawana. Petroli ikabaki kwa bidoni moja, yaani dumu lenye kizibo, nyumbani haiingii.

Watu wanasema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo: chombo chenye kizibo, kisichofanana na cha kunywea, kimewekwa juu. Hata dawa ya panya, hata javeli, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, ni vilevile.

Lakini kilichonisukuma kuandika ni kingine. Nesi alipomaliza kusema, mama mukwe alitoka nje, akakaa chini ukutani. Nikamufuata, nikijua amekasirika kwa ile aibu.

Hakukasirika. Aliniambia mutoto wake wa kwanza, mukubwa wa bwana yangu, naye alikunywa petroli. Akamupa mawese, mutoto akafa. Miaka yote alijilaumu kwamba alichelewa. Njo maana kwa Feza alikimbia vile.

"Nilifikiri alikufa kwa kuwa mawese nilimupa kidogo," akasema.

Nilikaa naye pale chini.

Basi wakuu, kwenu wazee walimupa nini mutoto aliyemeza sumu? Andikeni, tujifunze. Na mwenye mama au bibi nyumbani amuambie leo, lakini kwa upole, maana haujui naye alishazika nani.