Roger wa Lwiro na Wakwe Walionyeshewa Mulangoni

Mpaka nilipofika miaka thelathini na mbili, mimi mwenye diploma ya masomo ya jioni (miaka minne chini ya taa moja, na taa yenyewe mugonjwa), niliamini kwa roho yote kwamba Roger alikuwa muzungu wa Lwiro aliyekufa na vifaa vya redio masikioni. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini nusu ya mutaa wetu wa Kadutu iliniona siku ile, afadhali niseme mwenyewe kuliko waendelee kusema wao, maana wao wanaongeza chumvi, na kwa kuongeza chumvi mimi sitaki mupinzani.

Habari nilipewa na tonton Deo, ndugu ya mama, ambaye zamani alilinda nyumba ya mufanyabiashara mwenye phonie, ile redio kubwa ya kuzungumza na watu wa porini kabla simu hazijafika. Tonton alisikia kila mutu akijibu "Roger", akauliza, na mulinzi mwenzake akamweleza kwamba huyo Roger alikuwa muzungu, fundi wa phonie kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, aliipenda kazi mpaka alipokufa akakataa kuondoka, akabaki huko juu hewani, na kila neno linapita mukononi mwake. Usipomusalimia anafunga njia. Ule muvumo wa kshhh njo hasira yake.

Basi dada yangu Furaha akachumbiwa na kijana wa Luberizi, kule kwenye tambarare ya wakulima wa muchele. Mama akaniita pembeni. "Bakwe banatoka mbali," aliniambia. "Vile tutabapokea, njo vile bataishi na dada yako. Usiniletee vituko." Akanipa ukubwa wa protokole. (Kwetu Bukavu arusi bila protokole ni mukutano tu, hao ni vijana wenye suti za rangi moja wanaojua nani aketi wapi na sahani ya nani itangulie.) Mutu mwenye akili angegawa kazi akanyamaza. Mimi nikaazima toki-woki tano, zile redio ndogo za mukononi, kwa rafiki yangu mulinzi, kwa sababu niliona kupigiana simu kwenye arusi ya dada yangu ni mambo ya watu wadogo.

Jumamosi asubuhi nikawapanga vijana wangu wanne na kuwafundisha lugha ya redio. "À vous" maana yake zamu ni yako. "Terminé" maana yake nimemaliza. "Na ukisikia ujumbe wowote," nikasema, "unajibu Roger, kisha unanyamaza kidogo, kwa heshima ya marehemu."

"Na kama ule ujumbe hauniangalie mimi, ni wa mwingine?" akauliza Christian, niliyemuweka mulangoni.

"Unamusalimia vilevile. Weye unapita mbele ya muzee bila kumuambia jambo, juu ya kuwa hana shida na weye?"

Akakubali. Nilijiona profesa.

Sasa uelewe: ukumbi ulikuwa juu kwenye mulima na mulango ulikuwa chini barabarani, kati yake ngazi elfu moja (mama anasema sitini). Na kwetu mukwe hajiingizi. Anasimama mulangoni mpaka mutu wa nyumba aje kumushika mukono, hata kama mulango uko wazi kama kinywa cha mamba.

Saa nane Christian akaniita mimi mukubwa wake. "Chef, hapa mulango. Bakwe balishafika, beko kumi na mbili, na mbuzi, na mifuko ya muchele. Mutume mutu wa kubaingiza. À vous."

"Roger," akasema kijana wa viti. "Roger," akasema wa jikoni. "Roger," akasema wa muziki. Na mimi, kwa sauti nzito ya mukubwa, "Roger." Tukanyamaza wote kwa heshima. Kisha kila mmoja, kwa kuwa alisikia wengine watatu wameitika, akarudi kwa kazi yake, na mimi nikarudi kwa sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, nilikuwa ninaonja kama zimeiva (sahani ya tatu, nilitaka uhakika).

"Chef, mvula imeanza. Bakwe bangali inje. À vous."

Roger, Roger, Roger, Roger. Kimya.

"Chef, baba mukwe anauliza kama iko arusi ingine mule ndani. À vous."

Roger mara nne. Hapo toki yangu ikaanza kshhh, sauti ya Christian ikapotea, na mimi badala ya kufikiria mvua au betri nikafikiria marehemu. Nikasogea kwenye meza ya mwenye kuongoza sherehe, ambapo niliona njia iko wazi zaidi, nikainama, nikabonyeza, nikaomba polepole: "Papa Roger wa Lwiro, mimi mutoto wako. Kama kuna mutu hakukusalimia, utusamehe. Fungua njia, bakwe bapite."

Mikrofoni ya meza ilikuwa wazi. Ukumbi muzima ukasikia. Muziki ukakatika. Padri akaweka uma chini taratibu sana. Nyuma kabisa muzee mmoja akauliza jirani yake, "Roger njo nani? Njo baba mukwe?"

Kabla sijajibu, toki ikaamka, sauti ya mwanamuke, tulivu, ikapita kwenye mikrofoni ile ile. "Mukubwa wa protokole, hapa mulango. Mimi ni Maman Espérance, shangazi ya bwana arusi. Bazee beko mu mvula tangu nusu saa. Uteremuke weye mwenyewe, na miguu yako. À vous."

Na mimi, mbele ya watu wote hao, nikajibu: "Roger."

"Hapana Roger. Kuya."

Dada yangu alikuwa amekwisha kusimama. Akakusanya gauni lake mikononi, akanipita bila kuniangalia, akashuka zile ngazi katika mvua, mimi nyuma yake na mwavuli uliogeuka juu chini. Tulipofika, mbuzi alikuwa tayari amegeuzwa kuelekea kwao. "Sisi tunarudia kwetu," alikuwa anasema baba mukwe, maji yakimutoka kofiani. Furaha akapiga magoti kwenye matope, na lile gauni jeupe, akamushika mukono kwa mikono yake miwili.

"Papa, nimekuya kukuchukua."

Muzee akaangalia gauni, akaangalia juu ngazi zote zile. "Huyu ameteremuka yeye mwenyewe," akawaambia watu wake, na akamufuata.

Mimi nikabeba mufuko wa muchele, hakuna aliyenipokea. Maman Espérance alipanda kando yangu na toki ya Christian mukononi. Kumbe alifanya kazi ya redio kwenye uwanja wa ndege miaka mingi. Akauliza nani alinifundisha. Nikamueleza yote, Lwiro, marehemu, hasira. Hakucheka mpaka ngazi ya arobaini.

"Mwana wangu, Roger si mutu," akasema alipopata pumzi. "Zamani ilikuwa namna ya kutaja herufi R mu redio, leo tunasema Romeo. R ya lile neno la Kiingereza, "received", la kusema nimepokea. Inaonyesha tu kama sikio limesikia. Haisemi kama mutu ataenda. Ukitaka mutu aende, unataja jina lake."