Kisu cha Kaka Yangu Kwenye Mkeka wa Watu wa Redio

Admin, nifiche jina, na mtakaonijua kwa maneno yangu msinitaje kwenye komenti. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Garissa, watu wetu ni wakulima wa mtoni upande wa Balambala. Nina mume, nina wajukuu, na bado kuna jambo la miaka ya tisini linaniliza kama la jana. Naishi na mama yangu mzazi, na ni kwa ajili yake naandika.

Kaka yangu alikuwa taniboi wa lori, akikaa juu ya magunia Garissa mpaka Wajir na kurudi. Wenzangu waliletewa kanga na kaka zao. Mimi niliomba visu, na msiniulize kwa nini, ndivyo nilivyo. Aliniletea vya mpini wa pembe, vya mfupa wa ngamia, vingine havikati hata nyanya. Cha kwake mwenyewe mpini ulipasuka, nikamfungia waya ya shaba iliyobaki kwenye eriali ya redio, nikamalizia na fundo langu la kijinga ambalo fundi yeyote angelicheka. Safari iliyofuata lori lilikutwa njiani limeporwa, dereva amekufa. Kaka hakuonekana, si mzima si maiti.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa na redio ya kuitana, ile Wasomali wanaita taar. Watu walikuja kwake kuongea na jamaa zao Wajir, Mandera na kambini Dadaab, na mimi ndiye niliyewaitia. Wateja wakiisha, sisi wenye redio tulibaki hewani kupiga domo. Siku moja nikamwambia mwenzangu wa Tarbaj kwamba nakusanya visu. Heh! Kumbe na yeye. "Hata mimi nabenda fisu sana, dada!" Nilicheka mpaka nikadondosha kipaza sauti. Wa Wajir akaingilia, na wa Mandera, tukawa kundi. Vijana wa leo mnadhani kufahamiana bila kuonana mmeanza nyinyi! Tulielezana visu kwa mdomo tu, urefu, mpini, ala yake. Majina hatukutumia, tuliitana kwa miji. Na huyo Tarbaj, niseme ukweli, sauti yake ilinikaa moyoni.

Tukaamua tuonane. Walikuja Garissa, wakafikia uani kwa mjomba baada ya sala ya Ijumaa. Nilipika wali, nikaweka nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa kwa samli, na chai ya maziwa ya ngamia. Tarbaj alikuwa mrefu, mwembamba, ana haya hata kunitazama usoni. Tukatandika mkeka, kila mtu akafungua kitambaa chake akapanga visu vyake. Tulikuwa na furaha ya kitoto, wallahi. Halafu nikakiona kisu cha mwisho cha Tarbaj. Waya ya shaba. Fundo langu.

Nikakiokota, nikamuuliza, "Hiki umekitoa wapi?"

Akajibu huku anatabasamu, "Hiyo? Nilibewa, dada."

Nilimwelewa. Nilikuwa nimemzoea, p yake ni b, amesema nilipewa. Nikafungua kinywa nimuulize amepewa na nani, mjomba akaniwahi. Alikuwa amesimama mlangoni, kile kisu alikijua, na alisikia alichosikia. "Ulibeba? Umemuua mtoto wa dada yangu, ukabeba na kisu chake?" Akamzaba kofi mbele ya wageni wote.

Nikapiga kelele, "Mjomba, amesema amepewa!" Nani anisikie? Wenzake walishainama kukusanya visu vyao, na sote tuliogopa vitatumika. Tarbaj hakurudisha kofi. Alishika shavu, akatoka, kisu akaniachia mkononi. Kesho yake nikakaa kwenye redio, "Tarbaj, Tarbaj, Garissa anaita." Kimya. Niliita mpaka mjomba akaninyang'anya kiti. Wa Wajir akasema jamaa kahama, hajulikani alikoenda. Mjomba akaniapisha nisimwambie mama hata siku moja. "Utamuua," akasema. Basi nikanyamaza, nikaolewa, nikazaa, na lile swali moja nikabaki nalo kifuani miaka yote hii.

Mjomba alishatangulia mbele ya haki. Mama yupo, macho hayaoni vizuri lakini ulimi ni mzima. Mpaka leo hataki kaka asomewe hitima. Shehe akigusia tu anafukuzwa. "Mwanangu yuko safarini. Wasomeeni wenu waliokufa."

Mwezi uliopita binti yangu alichukua simu yangu akaweka picha ya kile kisu kwenye kundi la wapenda visu mtandaoni. Hajui lolote, alitaka sifa tu. Ukaja ujumbe wa mzee mmoja: "Wewe ni Garissa? Mimi Tarbaj. Mwenye kisu alinipa kwa mkono wake. Nimekuwekea sauti, sikiliza ukiwa umekaa." Chini yake kuna ujumbe wa sauti, mrefu. Sijaufungua.

Ukiwa umekaa, maana yake nini? Alimpa akiwa mzima akaenda zake, au alimpa akikata roho? Ikiwa ni ile ya kwanza, nitamchukia kaka yangu, maana alituacha tukimlilia na yeye yupo. Ikiwa ni ya pili, itabidi nimwambie mama, au niishi naye nikimdanganya mpaka mmoja wetu azikwe. Jamani, nimechoka.

Juzi nilikaa jikoni na simu, nikashindwa kubonyeza, nikalia. Mama akanisikia kutoka chumbani. "Unalia nini wewe? Kuna mtu amekufa?"

Nikamwambia, "Hakuna, mama."

Akasema, "Alhamdulillahi. Basi niletee chai."

Nyinyi mlio na mama, niambieni. Niusikilize peke yangu, nimkalishe mama tusikilize wote, au niufute? Mwenye matusi apite. Mwenye neno la kunisaidia aliseme leo, kwa sababu mama kila asubuhi ananiuliza kama barabara ya Wajir inapitika.